Jogoo wa Mtani

Kwamndolwa, Korogwe
3 Februari 2025

Mzigua wangu Ukasha,

Nimeambiwa umefika Tunisia salama, na kwamba katika hoteli mnakolala watu hula mara tatu kwa siku. Nenda polepole. Tumbo la Handeni likipewa chai, chakula cha mchana na cha jioni kwa mfululizo litadhani ni harusi, lianze kucheza ngoma.

Sasa utaratibu wetu. Masikio yangu yamefika mwisho wa kazi. Juzi ulipopiga simu, binti yangu Emiliana alinishikia, nami nikasikia nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo tutaandikiana. Andika kwenye karatasi, kwa kalamu, kwa mkono wako mwenyewe. Sikukufundisha sekondari miaka minne ili nije kusoma vijineno vya simu. Ipige picha, mtumie Emiliana, naye atakwenda kuichapisha stendi. Za kwangu zitakuja kwa njia hiyohiyo.

Nataka pia tukumbushane kwa nini uko huko, maana mtu akiwa mbali huacha jambo kubwa akahangaika na madogo. Wacheza tenisi wa kulipwa wamepangwa wote katika orodha moja ya dunia. Wa kwanza yumo, na wa elfu moja yumo. Asiye na pointi hata moja hayumo, hata kama anapiga mpira ukapasua ukuta. Pointi hiyo ya kwanza hutafutwa katika mashindano madogo kama hayo ya hapo. Wasio na jina huanzia kwenye mchujo. Ukiuvuka mchujo unaingia droo kuu, na ukishinda mchezo mmoja tu wa droo kuu unapewa pointi moja. Ni moja, lakini ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Bila hiyo usirudi. Ule mstari niliouchora kwa fimbo mbele ya mlango wa basi, mama yako na wapiga debe wote wakitazama, bado upo. Nilisema: "Mzigua, ukiuvuka huu nimekufunga. Hurudi nyumbani mpaka uwe na pointi, au mpaka mimi mwenyewe nikufungue." Ukacheka, ukaruka. Basi umefungwa.

Mtani wako,
Fabiani

---

Tunisia
11 Februari 2025

Babu mpagazi,

Barua yako imenikuta nafua soksi. Nimeshangaa kumbe siku hizi Wanyamwezi mnaandika. Babu zako walipokuwa wanapita kwetu na pembe za ndovu za watu mabegani, hata jina la mwenye mzigo walikuwa hawalijui.

Huku viwanja ni vingi kuliko matuta ya mama. Vyote vya saruji, rangi ya bluu. Sisi tusio na pointi tunasaini asubuhi halafu tunakaa kwenye benchi kama vibarua, tukiomba mtu aumwe tumbo. Mtu akijitoa, mmoja wetu anaitwa. Wiki ya kwanza sikuitwa. Wiki hii nimeitwa, nikacheza na Mwitaliano, kanifunga seti mbili kwa bila. Kwenye mchujo hakuna mwamuzi wa mistari, kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake. Yule jamaa mpira wangu hata ukidondoka katikati ya nchi yake, anasema uko nje. Mimi nilifanya ulivyotufundisha, nikiwa na shaka nampa mwenzangu. Nimempa sana, babu.

Saruji inarudisha mpira mpaka begani, siyo kama udongo wa murram wa ule uwanja wa mabwana wa shamba la mkonge tuliokuwa tunafukuzia mbuzi kwanza ndipo tucheze. Kifundo cha mkono wa kulia kinalalamika kidogo, upande wa kidole cha mwisho, pale kitako cha raketi kinapokaa.

Nalala chumba kimoja na Mrundi, Abraham, mcheshi sana. Kaisoma barua yako akaniuliza, "Huyu mzee anakuchukia kwa kosa gani?" Nimeshindwa kumweleza. Wewe ndiye mwalimu, mweleze.

Ni mimi mwenye mali, na wewe ndiyo mali,
Ukasha Mbwana

---

Kwamndolwa
17 Februari 2025

Mzigua,

Mwambie Abraham hivi. Zamani misafara ilitoka Unyamwezi kwenda pwani, ikapita katika nchi ya Wazigua. Wakapigana, wakaibiana, wakachoka, mwisho wakaona heri ugomvi waugeuze mchezo. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Nikikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Nikiingia kwenu nikaondoka na sufuria, mama yako atacheka. Mmoja akifiwa, mwenzake huenda kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wasahau kulia. Kwa kifupi, utani ni ruhusa ya kusema lolote bila neno hilo kuwa na uzito.

Mimi niliujifunza kambini. Baba yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akanizalia huku kwenye shamba, na jioni wakubwa wa makabila yote walikuwa wakitaniana wakisubiri posho. Ilikuwa burudani yetu, kama wenzetu walivyokuwa na redio.

Kuhusu mkono, usiogope. Kila mkono wa mchezaji hulalamika. Ni kama mke wa mtu mwenye safari nyingi. Kosa lako nalijua tangu ukiwa kidato cha pili, unaikaba raketi kama unakaba mwizi. Ishike kama kifaranga. Ukikaza sana atakufa, ukilegeza sana atatoroka. Jioni weka barafu, kwa kuwa najua hapo barafu ipo, siyo kama kwenu ambako hata maji ya kuigandisha hakuna.

Na mweleze Abraham kwamba simchukii Mzigua hata mmoja. Mtu hachukii mzigo wake.

Fabiani

---

Tunisia
14 Machi 2025

Babu mpagazi,

Ramadhani Kareem, ingawa najua Mkristo wa kambini wewe funga yako ni ya siku ambazo Emiliana hakupika.

Nakuletea taarifa ya msiba. Mkono wangu wa kulia umefariki. Tumeuzika jana baada ya futari. Waliohudhuria ni mimi na Abraham, na paka wa hoteli. Marehemu ameacha mjane mmoja, raketi. Mnyamwezi hakutokea kuchimba kaburi, tumechimba wenyewe, na faini yako ipo.

Mchujo nimecheza mara tatu tangu tulipoandikiana. Nimeshinda mmoja.

Sasa babu, kwa kuwa marehemu hawezi tena kucheza, naomba unifungue nirudi nyumbani kumalizia matanga. Mzigua amekubali, Mnyamwezi kashinda. Sema neno tu.

Mwandiko usamehe.

Ukasha

---

Kwamndolwa
18 Machi 2025

Mzigua mfiwa,

Emiliana ameisoma barua yako kwa sauti kubwa, nasi wawili tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna ugeni. Pole sana kwa msiba. Sisi Wanyamwezi tungekuja kuchimba, lakini tulisikia marehemu ni mkono wa Mzigua, tukajua haujawahi kufanya kazi, kwa hiyo hata kaburi lake litakuwa jepesi.

Mwandiko siusamehi. Herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nilikufundisha mwandiko wa kusimama wima. Au huko mnaandika mkiwa kitandani?

Sasa tuseme ya maana. Kushinda mmoja katika mitatu si habari mbaya kwa kijana wa miaka ishirini aliyejifunzia kwenye uwanja wenye mashimo. Mchezo huu humvunja mtu moyo mapema kwa sababu, ukitazama vizuri, katika kila mashindano wote hufungwa isipokuwa mmoja. Daktari akishindwa kila wiki atafukuzwa. Mcheza tenisi akishindwa kila wiki anahesabiwa kuwa kazini. Ukilijua hilo hutaumia bure.

Kufungua sikufungui. Bado pointi. Wewe zika mkono, fufua mwingine.

Fabiani

---

Tunisia
2 Aprili 2025

Mnyamwezi mgumu,

Idd Mubarak. Tumekula tende na keki, Abraham kanikatia nyama kwenye sahani kama mtoto, tukacheka.

Daktari wa mashindano nahisi naye ni Mnyamwezi, maana kaninyang'anya raketi akasema hanirudishii mpaka mwezi wa sita. Nikamwambia unachelewa, kuna mwenzako Korogwe kanifunga kabla yako. Kairudisha baada ya mimi kutia saini kwamba nikifa hahusiki.

Nimekaa nikawaza, njia ni moja tu. Najikomboa. Nimemwambia mama akuletee jogoo, yule mwekundu unayemjua, aliyekuwa anakufukuza ukija kwetu. Ni jogoo wa heshima kuliko wewe. Mpokee, useme neno, mimi nitafute ndege ya kurudi.

Usimkawize mama. Tafadhali.

Ukasha

---

Kwamndolwa
9 Aprili 2025

Mzigua,

Mama yako alikuja Jumamosi, mvua ikinyesha. Nakueleza yote ili usije ukasema nimekudhulumu.

Alisimama mlangoni na tenga mkononi, maji yanamchuruzika, akaita: "Mnyamwezi, upo, au umekufa nirudi na kuku wangu?"

Nikamjibu: "Nimekufa tangu jana, Chausiku. Weka kuku juu ya kaburi upite."

Akaingia. Yule jogoo kichwa nje ya tenga, ananitazama kama mkaguzi wa shule. Mama yako akasema, "Ukombozi huu hapa. Mfungue mwanangu."

"Jogoo mmoja kwa Mzigua mzima? Huyu hanunui hata mguu wa kushoto."

Emiliana aliacha cherehani yake akashika mbavu. Mama yako naye alicheka, ila kidogo. Nadhani safari ya kutoka Handeni ilimchosha na barabara ile ilivyo. Akaniuliza, "Umempokea?"

"Nimempokea."

"Basi sema."

"Nasema: ni mnono."

Akakaza kanga yake kiunoni, akauliza tena kwa sauti ya chini mpaka Emiliana akalazimika kuyarudia sikioni mwangu: "Ndivyo unavyosema, Mzee Fabiani?" Nikamwambia ndivyo ninavyosema, na aje na mbuzi mara nyingine. Hata chai hakunywa. Alisema anawahi basi.

Jogoo tulimla Jumapili, kwa wali. Nyama yake ngumu, kama tabia ya ukoo wenu. Kifungo kipo palepale.

Nitakueleza kwa nini, kwa sababu nisingependa udhani ni ukaidi wa uzee. Nimefundisha watoto wengi, na nimeona kwamba mtu huomba kuacha karibu kabisa na pale mlango unapofunguka. Wewe sasa unatania kila barua kuhusu kurudi. Mimi nasikia ndani ya utani huo uchovu kidogo, na uchovu hauponi kwa kurudi. Cheza, mwanangu. Pointi iko karibu kuliko nauli.

Fabiani

---

Tunisia
26 Aprili 2025

Mwalimu,

Nimepata. Nilivuka mchujo Jumatatu. Jumatano, droo kuu, nimemfunga Mhispania 6-4, 3-6, 7-6.

Pointi moja.

Ukasha

---

Kwamndolwa
29 Aprili 2025

Ukasha, Mzigua wa kwanza katika orodha ya dunia,

Emiliana aliponisomea nilimwomba arudie, kisha nikaichukua karatasi nikaisoma mwenyewe. Sioni aibu kukuambia kwamba mzee alilia. Baba yangu alikuwa akiokota mipira ya mabwana kwenye uwanja ule baada ya kutoka kukata mkonge, na hakuruhusiwa kushika raketi hata kwa kuipangusa. Mimi niliichezea ya kwanza yangu ikiwa imekatika nyuzi, mabwana walipoondoka. Na sasa wewe. Hayo ni mambo ya kizazi cha tatu, na vizazi huwa havina haraka.

Nimekwenda hadi stendi kuwatangazia wapiga debe. Mmoja kaniuliza pointi moja ni goli moja au mawili. Nimemweleza kwa muda mrefu. Basi lake likaondoka.

Umeniita Mwalimu, tena barua ya mistari minne. Naona pointi imekutia adabu kabla haijakutia fedha. Adabu hiyo itupe, haikufai.

Nakufungua! Nakufungua kwa mikono miwili, mbele ya Emiliana shahidi. Niambie siku utakayofika. Tutakuja kukupokea na ngoma, na mimi nitalala chini kwenye ule mstari unikanyage.

Mtani wako mwenye furaha,
Fabiani

---

Kwamndolwa
22 Mei 2025

Mzigua,

Hii ni ya pili bila jibu. Emiliana anasema picha zinaonyesha zimefika. Inawezekana mtu mwenye pointi hajibu wasio nazo. Nimeeleza watu hapa kwamba umo safarini kwenda mashindano mengine, kwa kuwa ndivyo ilivyo, mtu akipata ya kwanza huifuata ya pili.

Lakini uandike hata tusi. Hata neno moja.

Fabiani

---

Chanika, Handeni
3 Juni 2025

Mzee Fabiani,

Shikamoo. Mimi ni Shamimu, dada yake Ukasha, mwalimu wa shule ya msingi hapa Chanika. Tuliwahi kuonana siku ya stendi. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Korogwe ili ikufikie kwa mkono, kwa sababu sitaki Emiliana aisome kwanza kwenye simu yake.

Ukasha yuko nyumbani. Yupo tangu tarehe tisa mwezi uliopita. Basi kutoka Dar es Salaam likikata Mkata, linafika Handeni bila kuiona Korogwe, kwa hiyo hamkumwona.

Mkono wake wa kulia umekwisha. Kile kifupa alichokuambia, pale kitako cha raketi kinapokaa, kilikuwa kimevunjika tangu Februari. Daktari wa kule alimwonya. Aliendelea kucheza, na ncha ya mfupa ikawa inasugua kano za vidole mpaka zikakatika. Anasema katika mchezo ule wa mwisho alisikia kitu kinaachia kama uzi wa raketi, na pointi zilizobaki akazicheza ameufunga mkono kwa plasta kwenye mpini. Abraham ndiye aliyemfunga. Dar es Salaam wamempasua. Wanasema ataweza kushika kikombe. Raketi, hapana. Barua zote tangu Machi alikuandikia kwa mkono wa kushoto.

Utauliza kwa nini hakusema wazi. Mzee, mtoto aliyelelewa kwetu hamwambii mkubwa "nimeshindwa, niachie." Hana mdomo wa kulisema hilo. Kwa mtu kama wewe alikuwa na mlango mmoja tu, utani. Akapita humo akakuambia mkono umekufa. Akapita tena akakuletea jogoo.

Na jogoo ndiyo habari yenyewe. Sijui huko kambini mlifundishwaje. Kwetu mtani akikufungia njia, unajikomboa kwa kitu, hata ndizi. Anaweza kukikataa, akataka kikubwa zaidi, na hapo mnacheka na kubishana. Lakini akishakipokea, amefungua. Akikipokea, akakila, kisha akasema kifungo kipo, huo si utani tena. Hiyo ni laana, na bibi zetu walikuwa hawaitamki mbele ya watoto. Mama alikuuliza mara mbili ili akupe nafasi. Wewe ulisema ni mnono.

Alirudi amelowa, akalala siku nzima. Kesho yake akampigia Ukasha. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alimwambia: "Mzee amekula na hakufungua. Usirudi, mwanangu, lisije likakupata baya njiani. Itafute hiyo pointi." Akaitafuta.

Mimi nimesoma. Najua unaweza kusema ni imani za wazee. Lakini mstari ulichorwa na wewe, na fimbo ilikuwa yako.

Sikuandika ili kukuvunjia heshima.

Shamimu Mbwana

---

Kwamndolwa
16 Juni 2025

Ukasha,

Nimerudi kutoka kwenu tangu Jumamosi na siku mbili hizi nimekuwa nikishika kalamu na kuiweka.

Nashukuru kwa mapokezi. Mlinipokea vizuri mno. Mama yako alisema, "Karibu, Mwalimu," akanipa kile kiti chenye mto. Niliwaletea majogoo wawili. Akawapokea kwa mikono miwili, akasema asante, akawafungia uani. Shamimu akaleta soda kwenye sinia. Nikajaribu. Nikasema, "Lo, Handeni kuna soda? Hata maji mmeyapata lini?" Shamimu akajibu, "Ndiyo, Mwalimu, bomba limetoka tangu Jumanne." Akaniwekea kizibo pembeni, akaketi.

Nikakugeukia wewe nikauliza kama Mzigua bado anakula bada, ugali wake wa muhogo, kwa mkono wa kushoto. Nililisema kabla sijaufikiria mkono wako, na lilipokwisha kutoka sikuwa na pa kulirudisha. Nilikuwa nangojea uniangushie neno zito. Wewe ulisema, "Najitahidi, Mwalimu." Ukaushusha mkono wa shati ukafunika bandeji.

Nilikaa saa nzima, nikaulizwa afya ya Emiliana, na mvua za Korogwe, na kama mahindi yamepona. Mlinisindikiza wote hadi barabarani. Hakuna aliyeificha kofia yangu. Miaka yote niliyokuja kwenu sijawahi kuondoka na kofia yangu bila kuigombania.

Mimi ni mtu wa kueleza, na wewe unalijua hilo kuliko wengi. Nilimweleza Abraham utani ni nini, nikaandika kwa uhakika, kama mtu anayeandika ubaoni. Nilikosea. Niliona maneno mepesi nikadhani na kilichobebwa ni chepesi. Baba yangu aliutoa utani kwao Tabora akauleta kambini, na kambini tulibaki na vicheko tu. Sheria zake zilibaki kwa wenyewe. Sikujua kwamba sikuzijua. Hilo nalisema kama maelezo, kwa sababu ukweli unastahili kuelezwa, na silisemi kama udhuru. Hata mtu asiyejua sheria yoyote angesoma barua yako ya Machi mara ya pili. Mimi niliisoma mara moja nikakosoa mwandiko.

Watani hutozana. Nitozeni. Semeni mbuzi, semeni ng'ombe, semeni nije kulima shamba la mama yako msimu mzima mbele za watu. Nitakuja na jembe.

Na wewe nakuomba jambo moja. Nitukane, Ukasha. Niite mpagazi, niite mali yako, nikumbushe babu yangu na pembe zake. Andika ukurasa mzima, au mstari mmoja. Ukiwa na hasira, iandike hivyohivyo. Nitaisoma polepole safari hii.

Fabiani

---

Chanika, Handeni
30 Juni 2025

Mheshimiwa Mwalimu Fabiani,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 16 Juni nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Nakushukuru kwa kututembelea, na kwa yote uliyonifundisha darasani na uwanjani.

Mkono unaendelea vizuri. Mama na dada wanakusalimu kwa heshima.

Hatukudai chochote.

Nakutakia afya njema wewe na Emiliana.

Wako mtiifu,
Ukasha Mbwana